Maranda ya Jumamosi Nne

Kila siku saa kumi na moja jioni Kasuku alitoka chumbani na ndoo mbili za plastiki, akazunguka ua mlango kwa mlango kukusanya maganda. Ua ule ulikuwa na vyumba saba vilivyotazamana, bomba moja la maji, kamba za kuanikia nguo na, upande wa nyuma, kipande cha ardhi kisichozidi ukubwa wa vitanda vitatu. Hapo bibi yake alipanda mboga zilizolisha vyumba vyote saba. Na kando ya mboga lilisimama pipa.

Lilikuwa pipa kuukuu la mafuta, limekatwa kitako, limetobolewa matundu kwa msumari, na kufunikwa kwa bati lililokandamizwa na tofali. Ndani yake maganda yaligeuka mboji, na mboji ndiyo iliyozifanya mboga za bibi ziwe na majani mapana kama masikio ya ndovu. Bibi alikuwa mpishi wa shule kwa miaka thelathini, na sheria zake alizitoa kama mtu aliyezoea kupanga foleni ya watoto mia tatu wenye njaa.

"Kibichi ndoo moja, kikavu ndoo mbili," alimwambia mjukuu wake. "Chimba katikati, zika, funika. Nyama, samaki, mafuta na chakula kilichopikwa ni marufuku. Hivyo unavipeleka kwenye jaa la mtaa, hata kama kunanyesha."

"Na wadudu je, Bibi?"

"Wadudu ni wajumbe. Ukiona sisimizi, pipa limekauka, mwagia maji. Ukiona funza na nzi, limelowa, ongeza kikavu. Ukiona panya, usiulize pipa. Tafuta mtu."

Kikavu chenyewe kilikuwa maranda kutoka karakana ya seremala, mtaa wa pili. Kila Jumamosi Kasuku alitakiwa kwenda na gunia, kulijaza na kurudi nalo kichwani. Bibi hakuweza kwenda mwenyewe kwa sababu mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba, na kuinama juu ya pipa kulimfanya aone nyota mchana.

Jina la Kasuku alipewa na huyo huyo bibi, kwa kuwa mtoto alianza kusema kabla ya kutembea, na tangu hapo hakuwa amepumzika. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili. Ulimi wake ulikuwa mwepesi na mkali, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuwapa watu majina ya utani. Jina alilolitoa Kasuku lilishika kama gundi.

Muulizeni yule mwanamke dobi wa chumba cha saba. Alikuwa amehamia miezi mitatu iliyopita na binti yake wa miaka mitano, beseni mbili na pasi ya mkaa. Alifua nguo za watu kuanzia alfajiri, hakumwazima mtu chumvi, hakugombana na mtu. Ila alikuwa na kigugumizi kizito. Neno likimkwama, alilirudia na kulirudia huku mishipa ya shingo ikimtoka. Siku ya pili tu Kasuku akambatiza jina: Cherehani. Ua mzima ulicheka mpaka machozi. Hata mtu mmoja wa mtaa wa pili alimletea suruali ya kupunguza kiuno, akashangaa kukuta beseni. Dobi alisikia jina hilo kila alipokwenda bombani. Angejibu saa ngapi, na nani angengoja?

Basi, Jumamosi moja Kasuku alifika karakana na gunia lake, akamkuta binti wa seremala amekaa juu ya mbao na wenzake watatu wa darasa. Binti yule akabana pua.

"Jamani, mzoa taka amefika! Msogee, atawaambukiza funza."

Wenzake wakacheka. Kasuku, bingwa wa kuwacheka wengine, aligeuka na gunia tupu, akajificha nyuma ya ukuta wa shule mpaka jua lilipopungua, kisha akarudi nyumbani.

"Seremala anasema mashine yake imeharibika, Bibi. Hakuna maranda."

"Maskini," bibi alisema. "Wiki ijayo basi."

Wiki iliyofuata mashine ilikuwa bado mbovu. Na iliyofuata. Na ya nne. Mashine ya seremala haikupata kuwa mbovu kwa muda mrefu namna ile, maana haikuwa imeharibika hata siku moja.

Ukishadanganya kwa jambo moja, la pili halikupi tabu. Bila maranda hakukuwa na cha kufunikia, kwa hiyo Kasuku aliacha pia kuchimba. Alifunua bati, akamwaga maganda juu juu, akafunika upesi na kukimbia. Na kila Ijumaa, bibi alipopika samaki wawili, vichwa na miiba vilitakiwa kupelekwa jaa la mtaa, mwendo wa robo saa. Kasuku alivibeba mpaka nyuma ya ua, akatazama kushoto na kulia, akavitia ndani ya pipa.

Wajumbe wakaanza kufika. Kwanza vilikuja vinzi vidogo vilivyoruka kama vumbi kila bati lilipofunuliwa. Wakafuata nzi wakubwa wa kijani. Wiki ya tatu funza weupe, wanene, walikuwa wakipanda kingo za pipa na kuanguka kwenye saruji. Harufu iliingia vyumbani, ikakaa kwenye mito na kwenye nguo safi za dobi, ambaye mlango wake ulikuwa hatua nne tu kutoka pale. La kuvunda halina ubani. Mwishowe wakaja panya, na asubuhi moja ya Jumapili mwenye nyumba, mwanamume mfupi mwenye funguo nyingi kiunoni, alikanyaga kichwa cha samaki kilichoburutwa mpaka katikati ya ua.

Alikitupa ndani ya pipa kwa hasira, akaita wapangaji wote watoke.

"Nani anatia samaki ndani ya pipa?" alinguruma. "Nataka mtu huyo leo. Asipopatikana, nang'oa pipa, nang'oa na mboga, napiga saruji pote, naegesha gari langu. Akipatikana, mwisho wa mwezi anahama. Ni siku kumi na nne."

Watu wakatazamana. Bibi, ameegemea fimbo yake, alianza polepole kugeuza uso kumwelekea mjukuu wake. Kasuku aliyaona macho yale yakija. Aliona mboga zikifukiwa na saruji, akaona fimbo, akaona aibu. Ulimi wake ukatangulia mbele ya akili, kama kawaida yake.

"Ni dobi," alisema. "Nilimwona. Jana na juzi."

Dobi alikuwa amesimama mlangoni pake, mikono imejaa povu. Alishtuka kama aliyemwagiwa maji.

"Si... si... si..."

"Si-si-sisimizi?" alidakia muuza chai wa chumba cha tatu, mwanamke mwenye sauti iliyofika barabarani bila kipaza sauti. "Kwani sisimizi nao wamo?"

Ua ukalipuka kwa kicheko. Mwenye nyumba mwenyewe alicheka mpaka funguo zikalia. Dobi alijaribu tena. Alifumba macho, akakaza shingo, akashika kizingiti cha mlango, lakini neno lilikuwa halijatoka bado mwenye nyumba alipopunga mkono.

"Basi, basi, tutakesha hapa. Siku kumi na nne." Akaenda zake.

Kasuku naye alicheka na wengine. Alicheka kwa sauti kuliko wote. Kisha alikwenda nyuma ya choo, akakaa huko mpaka wote wakatawanyika.

Angeweza kusema kweli jioni ile. Mimi nawaambia hivyo kwa sababu yeye mwenyewe alijua. Alifika hata kufungua mdomo wakati wa kula, bibi akamwambia, "Kula, mbona umenyong'onyea?" naye akaufunga. Kesho yake ilikuwa vigumu zaidi, na kesho kutwa vigumu kuliko kesho.

Maana watu wa ua ule hawakungoja siku kumi na nne. Jumatatu waliziteremsha nguo za dobi kwenye kamba, wakisema zinaleta nzi. Jumanne mtu fulani alimwaga maganda yaliyooza mbele ya mlango wake, na aliyemwaga hakujificha. Jumatano muuza chai aliwaambia wateja wake kwamba wakitaka mashati yenye mayai ya funza wanajua pa kuyapeleka. Wateja wawili wakaja kuchukua nguo zao zikiwa bado mbichi. Akina mama wakawaita watoto wao wasicheze na binti wa dobi, naye mtoto akakaa mlangoni peke yake akipanga vibanio vya nguo mstari mmoja, akivipangua, akivipanga tena.

Kasuku alipita hapo kila jioni na ndoo zake. Alijifunza kupita akitazama juu.

Ijumaa alasiri, vichwa vya samaki wa mchana vikiwa tayari pipani kama kawaida, alikuwa akifanya hesabu za shule aliposikia ukelele. Haukuwa ukelele wa mtoto aliyeanguka. Alikimbia nje. Binti wa dobi alikuwa amelala kwenye mkeka ndani, mama yake akisuuza nguo bombani, na panya alikuwa amemuuma kidole cha mguu. Aliuma akashikilia. Damu ilikuwa kwenye mkeka na kwenye kanga, na mtoto alikuwa akipiga mguu chini kana kwamba panya bado yupo.

"Malipo ni hapa hapa duniani," alisema muuza chai akiwa amekunja mikono. Hakuna aliyesogea.

Aliyesogea alikuwa bibi. Alikuja na mguu wake mbovu, akamsukuma muuza chai kwa kiwiko, akauweka mguu wa mtoto chini ya bomba na kuuosha kwa sabuni na maji mengi, muda mrefu, mtoto akilia.

"Kasuku, lete kitambaa safi! Jeraha la panya halifungwi na kuachwa. Twendeni zahanati."

Walikwenda wanne, bibi akichechemea, dobi amembeba mtoto mgongoni, Kasuku nyuma. Zahanatini muuguzi alitayarisha sindano, akauliza kama anavyouliza kila mtu: kuna dawa au chakula chochote kinachomdhuru mtoto?

Dobi alifungua mdomo. Muuguzi akaweka sindano chini, akangoja. Hakumkodolea macho, hakumsaidia. Alingoja tu, na lilikuwa jambo geni sana hata Kasuku aliona haya kulitazama.

"Sa... sa... samaki," dobi alisema mwishowe. "Hata mvu... mvuke wake. Anavimba koo. Ha... haingii samaki kwangu."

Bibi aligeuka, akamtazama Kasuku. Walipofika chumbani alikaa kitandani, akamwita mjukuu wake, akauliza kwa sauti ya chini:

"Dobi ulimwona kwa macho yako mwenyewe?"

Mlango huo wa kusema kweli ulikuwa wa mwisho, na ulikuwa wazi.

"Ndiyo, Bibi," alisema Kasuku.

Asubuhi ya Jumamosi bibi hakuwepo kitandani. Kasuku alipoamka alisikia magurudumu uani. Alichungulia, akamwona seremala akisukuma mkokoteni wenye magunia mawili ya maranda, na bibi pembeni yake, jasho linamtiririka, mguu umevimba kama gogo. Alikuwa ametembea mpaka mtaa wa pili.

"Nilidhani mmehama, mama," seremala alikuwa akisema. "Mjukuu wako sijamwona mwezi mzima. Maranda yananijazia karakana."

"Na mashine?"

"Mashine gani?"

Bibi aligonga milango yote saba kwa fimbo. Aliagiza mwenye nyumba aitwe. Watu walipokusanyika, akamtandikia Kasuku turubai mbele ya pipa.

"Nyanyua pipa," aliamuru.

Seremala akasaidia. Pipa lisilo na kitako likanyanyuka, na yaliyomo yakabaki yamesimama wima, tabaka juu ya tabaka, kila mtu akiyaona. Chini kabisa ilikuwa mboji ya kahawia, laini, yenye harufu ya ardhi baada ya mvua na minyoo wekundu wakijikunja. Juu yake mistari ya maranda, mmoja baada ya mwingine, kila Jumamosi na mstari wake. Halafu mistari ikakatika. Kuanzia hapo mpaka juu ilikuwa tope jeusi linalotambaa.

"Chambua," bibi alisema. "Kwa mikono. Vyote vya samaki weka hapa."

Kasuku alichambua. Funza walimpanda mpaka kwenye viwiko. Watu walifunika pua, lakini hakuna aliyeondoka. Watu wa ua ule hawakupitwa na aibu ya mwenzao. Alipomaliza, vichwa vilikuwa vinane.

"Vinane," bibi alisema. "Mimi hununua samaki wawili kila Ijumaa. Na maranda yamekosekana Jumamosi nne. Nani hapa hajui kuzidisha?"

Chini ya tope, katikati ya karatasi zilizotafunwa, palikuwa na kiota. Vitoto sita vya panya, vyekundu, bila manyoya, bila macho. Bibi alisukuma ndoo ya maji kwa fimbo.

"Wewe ndiye uliyewakaribisha. Hawa nao hawakuomba kuzaliwa humu."

Kasuku alivitia ndani ya ndoo kimoja kimoja, maana hakuna aliyemwambia anaweza kuacha. Kisha bibi akasema, "Sasa sema." Na Kasuku, aliyesema kabla ya kutembea, alifungua mdomo akakuta ulimi umeganda.

"Ni... ni... ni..."

"Ni-ni-ni!" alicheka muuza chai. "Cherehani ya pili hiyo!"

Kicheko kikapita uani, kile kile cha Jumapili, kwa vinywa vile vile. Kasuku alikisikia kutoka upande wa pili. Alitazama huku na huku, akaona kwamba mtu mmoja tu hacheki, naye alikuwa dobi.

"Ni mimi," alisema Kasuku, na machozi yakamshuka. "Samaki ni wetu. Maranda sikwenda. Dobi sikumwona. Naomba unisamehe, mama."

Dobi alisogea mbele. Alianza kusema, akakwama, na muuza chai akafungua kinywa kumdakia. Fimbo ya bibi ikapiga saruji.

"Leo hakuna anayemmalizia mtu neno! Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Tutasimama hapa mpaka jua lizame."

Wakasimama. Ilichukua muda mrefu. Maneno yalikuja moja moja, mengine yakirudi nyuma, mengine yakivuka kwa shida. Nayaandika hapa bila vikwazo vyake, lakini mjue kila moja lilivutwa kwa nguvu.

"Uongo wako ulikuwa na maneno mawili," dobi alisema. "Kuujibu, mimi nilihitaji dakika mbili. Hakuna aliyenipa. Wewe ulijua hawatanipa. Ndiyo maana ulinichagua mimi, hukumchagua muuza chai." Alipumua. "Mwenye ulimi mwepesi akimsingizia mwenye ulimi mzito, hajashindana naye. Amempiga aliyefungwa mikono. Uozo wa pipa utausafisha leo. Mguu wa mwanangu utapona. Lakini jifunze hili: kabla hujasema neno juu ya mtu, mtazame kama ana nafasi ya kujibu. Kama hana, meza neno lako."

Muuza chai alikuwa akitazama ndala zake.

Siku hiyo nzima Kasuku alifanya kazi. Alitandaza wavu wa chuma alioutoa seremala, ili panya wasichimbe kutoka chini, akasimamisha pipa juu yake. Vichwa vya samaki alivibeba mpaka jaa la mtaa, mchana kweupe, akipita mbele ya karakana. Binti wa seremala alibana pua. Kasuku aliendelea kutembea. Tope lote alilichanganya na maranda, akarudisha ndani kwa tabaka, akafunika juu kwa kikavu chenye unene wa kiganja kizima, akaweka bati na tofali. Baada ya siku tatu harufu ilikwisha. Baada ya wiki mbili nzi hawakuwa na pa kutagia, wakahama, na panya, walipokosa chakula, wakatafuta ua wenye mwongo mwingine.

Mwenye nyumba alimwambia dobi anaweza kubaki. Hakuomba radhi, wala wengine hawakuomba. Dobi akabaki, kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Msidhani ni kwa sababu alikuwa amesahau. Waliokuwa wakimcheka walipata wa kumcheka mpya: walimwita Kasuku "Panya", uani na shuleni, na jina hilo lilishika kuliko yote aliyowahi kuyatoa yeye. Jioni moja hata binti wa dobi, akipanga vibanio vyake, alimwita, "Panya, njoo uchukue maganda!"

Dobi aliacha kufua.

"U... usimwite hivyo," alimwambia mwanawe. "Mtu ha... haitwi kwa kosa lake. Wala kwa ki... kilema chake."

Kasuku alichukua ndoo ya chumba cha saba bila kuinua macho. Maganda yalikuwa safi, yamekatwa vipande vidogo ili yaoze upesi.

Alipofika bombani kusuuza ndoo, dobi alikuja nyuma yake na beseni. Watu wanne walikuwa kwenye foleni.

"Na... na... na..." dobi alianza.

Alitaka kusema, "Naomba nipite." Kasuku alilijua neno lile kabla halijafika nusu, na zamani angelidaka hewani na kulirusha ili watu wacheke. Aliweka ndoo chini, akaweka mikono mgongoni, akangoja mpaka likafika lenyewe.